Presha ya oili kushuka injini ikipata moto
Ndugu, kwa kuwa taa ya oili ya HiAce yako ya dizeli iliyofanyiwa ovaholi huwaka ikiwa silensa (injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta) baada tu ya injini kupata moto, usikimbilie kununua pampu ya oili kabla ya kufungua swichi ya presha (ile inayowasha taa hiyo) na kufunga geji ya kupimia presha mahali pake, maana swichi hizo wakati mwingine hudanganya. Geji ikithibitisha upungufu, shuku kwanza beringi za krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki): oili ya moto huwa nyepesi, hivyo hupenya upesi penye mwanya mkubwa, hasa ikiwa krenki ilisagwa kisha zikafungwa beringi za saizi isiyolingana. Ukishusha sampu (bakuli la oili chini ya injini), kagua pia chujio ambalo pampu hufyonzea oili, kwani silikoni ya kuzibia maungio iliyozidi (kosa ambalo nami nimewahi kulifanya) huliziba, ingawa hilo huonekana zaidi mwendo wa injini ukipanda.