Kwa nini tarumbeta hukwaruza upande wa santuri unapokaribia kuisha

SWALI: Habari fundi. Nimeanza kukusanya santuri za jazi, na karibuni nimepata moja ya kampuni ya Blue Note ya mwaka 1957, ya mono (chaneli moja ya sauti), iliyokwisha kutumika. Muuzaji alinionyesha herufi RVG zilizopigwa karibu na lebo akasema hiyo ndiyo dhamana ya sauti. Wimbo wa kwanza unapendeza mno, lakini kila upande unapokaribia kuisha tarumbeta inaanza kukwaruza na matuazi yanabaki mchakacho mtupu. Jambo hilohilo hutokea, kwa kiasi kidogo, hata kwenye toleo jipya la stirio (chaneli mbili) nililolifungua mwenyewe. Sindano yangu ni ya ncha ya mviringo, haijamaliza mwaka. Kijitabu cha katriji, kile kifaa kinachobeba sindano kwenye ncha ya mkono, kinasema uzito uwe gramu 1.8 hadi 2.2, ila nimeuweka mkono kwenye gramu 1.5 nisije nikaziumiza santuri. Rafiki yangu mmoja anasema nahitaji katriji ya mono, mwingine anasema santuri imekwisha. Nimsikilize nani?

JIBU: Bado usimsikilize yeyote kati yao, ndugu yangu. Barua yako ina mambo mawili ambayo wote wameyapita. La kwanza, mkwaruzo unasikika pia kwenye santuri mpya. Santuri iliyokwisha haiambukizi nyingine, kwa hiyo kuna tatizo kwenye mashine yako. La pili ni hizo gramu 1.5. Naanza na hizo, maana hapo ndipo wakusanyaji waangalifu wanapoharibu santuri wakidhani wanazitunza.

Sindano inafanya kazi yake pale tu inapogusa kuta zote mbili za mfereji, ule mchirizi wa santuri unaobeba muziki, muda wote. Tarumbeta ikipiga noti ya juu kwa nguvu, mfereji hujipinda ghafla, na sindano hurushwa huku na huku maelfu ya mara kwa sekunde. Mkono ukiwa mwepesi kuliko katriji inavyohitaji, almasi ya ncha ya sindano hubanduka ukutani kwa kitambo kidogo sana, kisha inarudi na kugonga. Mkwaruzo unaousikia ni huko kugonga. Almasi ni ngumu kuliko plastiki kwa mbali mno, na kila inapogonga hivyo inaumiza ukuta wa mfereji kwa namna isiyoponyeka. Gramu 2 zilizotulia haziidhuru santuri kama gramu 1.5 zinazorukaruka. Basi rudisha mkono kwenye gramu 2, hata 2.1, kabla hujacheza tena chochote unachokithamini. Tumia mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kwa kuwa namba zilizochorwa kwenye uzito wa nyuma hutegemea jinsi ulivyousawazisha mkono mwanzoni. Sahani ya mizani ikae kwenye kimo kilekile cha santuri, kwani iko mikono inayobadilisha uzito ikiinuliwa.

Sasa, kwa nini iwe mwishoni na si mwanzoni? LP, yaani santuri ya kawaida ya muziki mrefu, huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika kutoka mwanzo hadi mwisho, yaani kila mzunguko huchukua sekunde 1.8. Lakini mzingo wa mfereji wa nje una urefu wa karibu sentimita 92, na wa ndani kabisa karibu sentimita 38. Kwa hiyo upande unapoanza, sindano inapita sentimita 51 za mfereji kwa sekunde, na unapoisha inapita 21 tu. Muziki uleule unabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu ya ile ya mwanzo. Chukua mlio wa tuazi wenye mitikisiko 10,000 kwa sekunde. Kule nje wimbi moja limepewa maikroni 51, huku ndani limepewa 21. Ncha ya mviringo kama yako kwa kawaida ina nusu kipenyo cha maikroni 18, nayo kwenye wimbi la maikroni 21 haina jinsi ya kuzama katika kila kona. Ni kama kidole gumba kinachojaribu kufuata mchoro uliochongwa kwa ncha ya pini. Inakata kona, na sauti inayotoka inakuwa na kitu ambacho mpigaji hakukipiga.

Jazi huathirika na hili kuliko muziki mwingi. Tuazi la mpiga ngoma halinyamazi tangu wimbo unaanza. Tarumbeta yenye kiziba cha alumini, ile ambayo Miles Davis aliipiga karibu kabisa na maikrofoni, ina sauti ndogo kwa masikio lakini imejaa mitikisiko ya juu sana. Ndiyo maana usishangae balada tulivu iliyowekwa mwishoni mwa upande ikikwaruza kuliko wimbo wa kasi ulioanza upande huohuo. Matoleo ya kisasa yanayogawa LP moja kwenye diski mbili za mizunguko 45 yanatibu jambo hili, kwa kuwa kasi hiyo inaupa mfereji nafasi zaidi kwa asilimia 35 mahali palepale. Tofauti naisikia na naipenda. Hata hivyo sikushauri uanze kununua upya santuri ulizonazo, kwa sababu mashine iliyopangwa vizuri hucheza LP ya kawaida hadi mwisho bila kukwaruza.

Kabla hujagusa skrubu yoyote, fanya jaribio moja. Acha upande ucheze mpaka mkwaruzo uanze, inua mkono, kisha itazame ncha ya sindano kwa kioo cha kukuzia chini ya taa. Ukiona kifundo cha vumbi la kijivu kimeizunguka almasi, kisugue taratibu kwa brashi laini kutoka nyuma kuja mbele, kwa mwelekeo ambao santuri huzunguka, kamwe si kinyume chake wala kwa pembeni, kwani kijiti kinachobeba almasi huvunjika kirahisi. Rudia wimbo uleule. Ukitoka safi, umempata mhalifu: santuri ilihitaji kuoshwa, na sindano ilikuwa ikikusanya uchafu hatua kwa hatua mpaka mwisho wa upande. Osha kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke yenye tone la sabuni isiyo na manukato, suuza, kausha kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, na lebo isilowe. Ukija kupata santuri za zamani za mizunguko 78, usizipitishie spiriti hata kidogo, maana nyingi ni za shelaki na spiriti huiyeyusha.

Mkwaruzo ukibaki hata baada ya kurekebisha uzito na kuondoa vumbi, nenda kwenye mpangilio wa katriji. Hapa nakuomba uwe na subira, maana ndipo penye faida kubwa kuliko kitu chochote utakachonunua.

Mashine iliyochonga santuri ilisogeza kisu chake kwa mstari mnyoofu kutoka nje kwenda ndani. Mkono wako umeshikiliwa kwa nyuma, kwa hiyo unasogea kwa tao. Matokeo yake sindano huwa sambamba barabara na mfereji mahali pawili tu katika upande mzima, na kwingine kote imekaa mshazari kidogo. Erik Löfgren alipiga hesabu za jambo hili mwaka 1938, na Baerwald akazipiga tena mwaka 1941: mahali hapo pawili pawe wapi ili kosa lisizidi popote. Mpangilio wa Baerwald unaotumika sana leo unapaweka milimita 66 na milimita 120.9 kutoka katikati ya santuri. Ule wa Stevenson unavuta pa ndani hadi milimita 60.3 ili mwisho kabisa wa upande uwe safi, na gharama yake ni kosa kubwa zaidi sehemu nyingine za santuri.

Uchague upi? Chukua rula, pima kutoka katikati ya tundu hadi pale mfereji wa muziki unapoishia kwenye santuri kadhaa ulizonazo. Nyingi zikiwa zinaishia milimita 65 au zaidi, Baerwald inakufaa, na kwa jazi ya miaka ya 1950 mimi huanza na hiyo. Ukikuta nyingi zinabanana hadi karibu na lebo, jaribu Stevenson.

Kazi yenyewe inafanyika kwa protrakta, kadi yenye alama hizo mbili na mistari ya miraba kuzizunguka. Zima mashine, ivalishe kadi kwenye kijiti cha katikati, na uzuie sahani isizunguke. Legeza skrubu mbili za katriji kiasi tu cha kuiwezesha kusogea kwa kusukumwa na kidole. Shusha sindano juu ya alama ya nje na utazame kwa mbele, jicho likiwa usawa wa kadi. Kijiti chembamba kinachobeba almasi kiwe sambamba na mistari. Nasisitiza kijiti, kwa kuwa ganda la katriji linaweza kunyooka huku kijiti kimepinda ndani yake. Halafu nenda alama ya ndani. Kikiwa mshazari huko, sogeza katriji mbele au nyuma kidogo, kisha rudi ya nje ukague tena. Utakwenda na kurudi mara kadhaa. Milimita 1 hapa ni nyingi, inasikika waziwazi. Kaza skrubu kwa zamu, robo mzunguko huku na robo kule, kwa sababu ukikaza moja yote kwa mkupuo katriji inajipinda mbele ya macho yako. Ukimaliza, pima uzito upya, maana kusogeza katriji kumeubadilisha.

Antisketi, ile nguvu ndogo inayovuta mkono kuelekea nje, haina mambo mengi. Santuri ikizunguka, mkono huvutwa kuelekea katikati, ukuta wa ndani unabanwa na wa nje unaachiliwa, na ukuta wa nje ndio wenye chaneli ya kulia. Vaa hedifoni: mkwaruzo ukiwa kulia zaidi, ongeza antisketi kidogo, ukiwa kushoto zaidi, punguza. Ukiwa sawa pande zote mbili, iache kama ilivyo.

Kuhusu ncha ya sindano, baada ya yote haya utakuwa umepunguza tatizo sana, lakini ncha ya mviringo ina kikomo chake na hesabu nimekuonyesha hapo juu. Ncha ya duaradufu ina ubavu wa kugusa wenye nusu kipenyo cha maikroni 8 hivi badala ya 18, kwa hiyo inazifikia kona ambazo yako inazikata. Kwa katriji nyingi unabadilisha sindano peke yake bila kugusa kingine. Zipo ncha nyembamba zaidi, kama ya Shibata iliyobuniwa Japani miaka ya 1970 kwa ajili ya santuri za chaneli nne, ila hizo hazisamehe mpangilio mbovu, na sikushauri uanzie huko.

Rafiki wa katriji ya mono hajasema uongo, ila ushauri wake haujafika wakati wake. Mfereji wa mono umechongwa kwenda kushoto na kulia tu. Chochote kinachoitikisa sindano juu na chini ni vumbi, michubuko au uchakavu, na katriji ya stirio inakisoma chote na kukutolea kwenye spika. Katriji ya mono haikisomi. Kama amplifaya yako ina kitufe cha mono, kibonyeze ukicheza santuri hiyo ya 1957, na sehemu kubwa ya faida hiyo utaipata bila kununua kitu. Ila haielezi kwa nini toleo jipya la stirio linakwaruza, na ndiyo sababu nimeiweka nyuma. Siku ukiinunua, hakikisha sindano yake inaweza kutikisika juu na chini. Katriji za mono za zamani zilizotengenezwa kabla ya LP za stirio kuingia sokoni mwaka 1958 mara nyingi haziwezi, na ukiiwekea hata mara moja santuri ya stirio, itaukwangua mfereji wake.

Ukishafika hapa, cheza tena zote mbili. Ile mpya ikitoka safi hadi mwisho na ya 1957 bado inakwaruza, hapo rafiki yako wa pili atakuwa amesema kweli. Wengi wa waliomiliki santuri zama zile walitumia mikono mizito iliyozidi kwa mbali gramu 2 za leo, wengine kwa sindano za yakuti zilizochakaa upesi na kuendelea kutumiwa hivyohivyo. Mfereji uliochongwa upya namna hiyo hauoshwi ukarudi. Lililobaki ni kuijaribu kwa ncha ya duaradufu kabla hujakata tamaa, kwa sababu inagusa ukuta kwa kimo tofauti na inaweza kukuta sehemu ambayo sindano za zamani hazikuifikia.

Na hizo herufi RVG ni za Rudy Van Gelder, mtaalamu wa macho aliyerekodi jazi kwenye sebule ya wazazi wake huko Hackensack, New Jersey, mpaka mwaka 1959 alipohamia studio yake ya Englewood Cliffs. Namheshimu sana kwa kazi yake, na nikiziona huwa nafurahi. Zinakuambia kwamba yeye ndiye aliyechonga diski ambayo nakala yako ilizaliwa kutokana nayo. Ukiona kando yake alama inayofanana na sikio, hiyo ni ya kiwanda cha Plastylite, kilichobonyeza santuri za Blue Note kabla ya kampuni kuuzwa kwa Liberty katikati ya miaka ya 1960. Alama zote mbili zilikuwapo siku santuri inatoka kiwandani, na hazisemi lolote kuhusu sindano zilizopita humo tangu hapo. Kwa hiyo safari nyingine muuzaji akikuonyesha RVG, mshukuru, halafu mwombe akuchezee dakika mbili za mwisho za kila upande kabla hamjaanza kuzungumza bei.