Fundi anajibu: Huawei yangu haina Play Store, nimepigwa?

SWALI: Shikamoo kaka fundi. Nimenunua Huawei P40 Lite iliyotumika. Kamera safi, chaji inakaa, lakini haina Play Store na YouTube haifunguki. Muuzaji anasema eti ni siasa za Marekani na China. Mimi nauza mchele, siasa zao zimeingiaje kwenye simu yangu? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Muuzaji hajakudanganya, ingawa alipaswa kukwambia kabla ya kupokea hela yako.

Mei 2019 serikali ya Trump iliiingiza Huawei, kampuni ya China, kwenye orodha ya kampuni ambazo haziruhusiwi kuuziwa teknolojia ya Marekani bila kibali. Sababu iliyotajwa ni usalama wa taifa, Huawei wakakana. Hazikupita siku nyingi, Google, nao ni kampuni ya Marekani, wakajitoa. Android yenyewe, yaani mfumo unaoendesha simu, haina mwenye kuifungia, yeyote anaichukua bure, ndiyo maana simu yako inawaka. Ila Play Store (duka la programu), Gmail, YouTube na ramani ni mali ya Google, huwekwa kwa leseni. Simu zilizoidhinishwa kabla, kama P30, zikabaki nazo. Mate 30 ya Septemba mwaka huo, na hiyo yako ya 2020, zikatoka patupu.

Wateja wengi wakifika mezani kwangu humlaani Trump, basi. Mimi China siionei huruma kiasi hicho. Google waliondoa huduma yao ya kutafuta China bara mwaka 2010, wamegoma kuchuja matokeo kama serikali ilivyotaka, na huko bado wamezibwa. Kwa hiyo mnunuzi wa Beijing hakupoteza kitu mwaka 2019: simu za kwao hazikuwa na Play Store hata kabla. Aliyeumia ni mteja wa nje, wewe ukiwemo.

Mwaka 2020 kamba ikakazwa. Kiwanda popote duniani kinachotumia mitambo au programu za Marekani, hata TSMC, watengenezaji wa chipu wa Taiwan, kikazuiwa kuitengenezea Huawei chipu, yaani ubongo wa simu, bila kibali. Novemba Huawei wakaiuza Honor, chapa yao nyingine ya simu, ndiyo sababu Honor za sasa zinazouzwa nje ya China zina Google. Agosti 2023 wakaibuka na Mate 60 Pro, chipu yake imetoka SMIC, kiwanda cha China, tena Gina Raimondo, waziri wa biashara wa Marekani wakati huo, akiwa ziarani huko huko. Mimi siamini kwamba tarehe ile iliangukia tu.

Tuje kwenye simu yako. Programu nyingi utazipata AppGallery, duka la programu la Huawei wenyewe. WhatsApp ipakue kwenye tovuti yao wenyewe, YouTube ifungulie kwenye kivinjari, na M-Pesa piga *150*00# kama kawaida. Kuwa makini na hili: nakala ya mazungumzo yako ya WhatsApp haitakwenda Google Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google, kwa hiyo simu ikiibwa, oda za wateja nazo zimekwenda. Madeni ya mchele yaandike daftarini.