Katumwa gesi, karudi usiku: kwa nini hawacheki

Ndugu, nimekuelewa: skripti ya filamu ya kuchekesha ya dakika 15, kijana wa Mbagala katumwa kujaza mtungi wa gesi wa kilo 6, kila kitu kinaharibika, na uliowasomea hawakucheka. Tatizo ni kwamba mikosi yako inadondoka tu kutoka juu: mvua, kibaka, foleni. Mkosi wa hivyo mtu anauonea huruma. Wa kujitakia ndio unachekesha. Mpe tamaa ndogo: anataka abaki na buku mbili ya nauli, kwa hiyo anaacha bodaboda, anapanda daladala na mtungi. Konda anaudai mtungi nauli ya siti. Hapo anadanganya, na kila uongo unazaa mwenzake.

Halafu weka saa. Mama kabandika maharage kwenye mkaa wa kuazima. Kila baada ya dakika tatu turudishe jikoni tuone makaa yakigeuka majivu. Vikwazo vinne vinatosha.

Usirekodi daladala likitembea, injini itameza maneno. Kodi lililoegeshwa, lizimwe, watu wawili walitikise kwa nje, kamera itazame chini kidogo ili madirisha yasionekane. Mtungi uwe mtupu, koki imefungwa. Hata mtupu hubaki na mvuke, kwa hiyo sigara marufuku.

Kibali cha Bodi ya Filamu kitangulie, sheria ipo tangu 1976. Wimbo wa redioni ukiutia kwenye filamu, nao una mwenyewe: kabla hujauza filamu, muone mwanasheria wa hakimiliki.