Picha za Kasapa ziwe na maneno

Wadogo zangu mnaosoma Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, picha zenu naziona kila siku kwenye simu: mbele ya fakilte, kwenye homu (mabweni), ndani ya teksi-basi ya kurudi mjini, na siku ya kolasio, yaani ya kutunukiwa digrii, toga kila kona. Anayewaambia kwamba kujipiga picha ni majivuno msimsikilize sana. Mji huu umependa picha tangu babu zetu. Ombi langu ni moja: picha unayotaka idumu, iandikie maneno. Ni nani, wapi, lini, na kulikuwa na nini.

Hapa Lubumbashi jambo hilo lina mwalimu. Miaka ya 1970 familia nyingi zilitundika sebuleni michoro ya wachoraji wa mtaani: mamba muntu (nguva, nusu mtu nusu samaki), Lumumba, mfungwa anayechapwa viboko wakati wa Wabelgiji. Mgeni akiketi, mchoro ulianzisha mazungumzo. Tshibumba Kanda Matulu, mmoja wa wachoraji hao, aliyezaliwa 1947 mji huu ukiitwa Élisabethville, alikuwa anaandika maneno juu ya kitambaa chenyewe, jina la tukio na mara nyingi tarehe, halafu anatia sahihi. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yetu katika michoro 100 hivi, akiieleza mmoja mmoja kwa Kiswahili cha huku, na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa anafundisha hapa, akamrekodi. Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Masimulizi yake yapo, yanasomwa. Bila hayo tungebaki na askari wenye kofia tusiojua wanamfuata nani.

Sasa tazama mfululizo wa picha wa Sammy Baloji, mpiga picha wa hapa Lubumbashi, uitwao Mémoire, wa 2006. Amechukua wafanyakazi kutoka picha za enzi ya ukoloni akawasimamisha mbele ya mitambo iliyonyamaza ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Mimi kila nikiwaangalia nyuso nauliza: huyu ni baba wa nani? Picha imebaki, jina limekwenda. Kazi ile inaniuma kwa sababu hiyo hasa.

Na sisi wenye simu tunafanya vilevile. Mwenzetu wa promosheni alipofariki, mama yake aliomba picha za mtoto wake za chuoni. Tulikuwa nazo nyingi. Zilikuwa ndogo, zenye ukungu, zimepita kikundi hadi kikundi, na mama akiuliza "hapa alikuwa anacheka nini?" tulikuwa tunatazamana. Alichokuwa anataka ni ile hadithi, kuliko picha.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Statusi ya WhatsApp inaondoka baada ya saa 24, msiihesabu kuwa ni mahali pa kutunzia. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa ukubwa, na tarehe ya kupigwa iliyofichwa ndani ya faili inafutika. Ukituma kama dokumenti, inafika ilivyo. Kama mpiga picha wa kolasio amekupiga na wenzako, muombe faili asili siku hiyohiyo, kwa sababu kadi yake ataifuta ili apate nafasi. Kisha libadilishe jina la faili: mwaka, mwezi, mahali, majina ya watu kuanzia kushoto. Chini yake andika sentensi mbili, kwa Kiswahili au Kifaransa, vyovyote. "Siku hii umeme ulikatika, profesa akaendelea kufundisha gizani." Sentensi kama hiyo ina thamani kuliko mapambo yote ya programu.

Kuandika majina kuna faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii: kunakulazimisha umuulize mwenyewe kwanza. Yule dada aliyesinzia auditwari, ambaye picha yake inazungushwa kwenye vikundi watu wacheke, ungethubutu kuandika jina lake kamili chini yake na kumwonyesha? Kama hapana, ifute, na aliyekutumia mwambie naye aifute.