Tezi imesinzia, mishipa inaumia

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 51, nauza viazi Makambako. Tangu mwaka jana nimekuwa mtu wa kuchoka, choo kigumu, na baridi inaniuma kuliko wenzangu. Nimepimwa damu: TSH 14, lehemu mbaya (kolesteroli) iko juu. Daktari kijana kaniandikia na ultrasaundi ya mishipa ya shingo. Mimi nimeenda kwa uchovu, mishipa imetokea wapi? Na muuza dawa ananishauri nilipie kipimo cha homoni zote kwa mpigo. — Mama Viazi

JIBU: Marahaba, na kamwene. Huyo daktari kijana amenifurahisha.

TSH ni homoni, ila haitoki kwenye tezi yenyewe. Inatoka chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamsha tezi ya shingo. Tezi ikisinzia, ubongo unapaza sauti, kama wewe unavyomwita kibarua aliyelala juu ya magunia. Kawaida TSH haipiti sana 4. Yako ni 14.

Mishipa inaingia hivi: ini ndilo linaloidaka lehemu mbaya na kuitoa kwenye damu, kwa vipokezi vyake. Homoni ya tezi ikipungua, vipokezi navyo hupungua. Lehemu inabaki inazunguka na kujipenyeza kwenye kuta za mishipa. Mishipa nayo hukakamaa, na presha, hasa namba ya chini, inaweza kupanda. Ultrasaundi inaangalia unene wa ukuta na kama kuna utando ulioanza kuganda. Haiumi. Nenda.

Homoni zote kwa mpigo? Hapana. Hela hiyo nunua mbolea. Kinachofaa kuongeza ni kupima sukari na presha, na uulize kama T4 huru, yaani homoni ya tezi yenyewe, ilipimwa.

Bibi yangu kule Njombe alikuwa na rovu kubwa, yaani tezi ya shingo iliyovimba, sisi wajukuu tukidhani ni uzee tu. Udongo wa milimani kwetu mvua imeufyonza madini joto ambayo tezi inayahitaji, ndiyo maana miaka ya 1990 chumvi ikaanza kuwekewa madini hayo. Lakini usije ukajitibu kwa kubugia chumvi! Kwa umri wako mara nyingi ni kinga ya mwili inayoishambulia tezi, na chumvi nyingi itakupandishia presha bure.

Ukiandikiwa levothairoksini, yaani vidonge vya homoni ya tezi, meza asubuhi tumbo tupu kwa maji, kisha subiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Najua chai ya maziwa na baridi ya Makambako, lakini subiri. Vidonge vya damu vyenye madini ya chuma vimeze baada ya kupita masaa manne. Baada ya wiki 6 hadi 8 rudia TSH na lehemu. Mara nyingi lehemu hushuka yenyewe tezi ikitibiwa, kwa hiyo muulize daktari kama dawa ya lehemu inaweza kusubiri majibu hayo.

Jambo moja hukuliandika: ukipandisha kilima, kigimbi kinakaza na kuuma, ukisimama kinaachia? Kama ndivyo, huenda mishipa ya mguu imebanwa; mwambie daktari apime presha ya kifundo cha mguu alinganishe na ya mkono. Na kifua kikibana ukibeba gunia, usingoje ultrasaundi, nenda hospitali siku hiyohiyo.