Kabla Hujaandika Wasifu wa Marehemu Mhandisi wa Ndege za Kivita

Baba yangu alipofariki, ndugu walinikabidhi kazi ya kuandika wasifu wake, nami nilikuwa na usiku mmoja tu wa kuikamilisha. Alikuwa amelitumikia jeshi la anga kwa zaidi ya miaka 20 akiwa mhandisi wa ndege za kivita, lakini mimi niliyekua chini ya paa lake sikupata la kuandika isipokuwa kwamba alikuwa mchapakazi, mpole na mzalendo. Kibaya zaidi, niliongeza sentensi niliyoiona nzuri, kwamba marehemu "aliruka na ndege za kivita kuilinda nchi yake." Baada ya mazishi mzee mmoja, aliyekuwa rubani enzi hizo, alinivuta kando, akanishika mkono na kuniambia, "Mwanangu, baba yako hakuruka. Tulioruka ni sisi, na tulirudi kwa sababu yeye alikuwa ameshatia saini."

Maneno hayo yaliniuma, kisha yakanifundisha, na ndiyo yanayonifanya niwaandikie wale ambao kesho watapewa kalamu kama niliyopewa mimi. Ndege ya kijeshi haipai kwa amri ya rubani peke yake. Lazima kwanza aliyeikagua aandike katika kitabu cha matengenezo alichokiona na alichokitengeneza, kisha atie saini, na rubani naye aisome kumbukumbu hiyo na kuweka saini yake ya kuipokea ndege. Mhandisi anabaki chini akiitazama inavyopotea angani, akijua kwamba kama kuna nati ambayo haikukazwa sawasawa, atakayelipa ni mwenzake. Maisha ya mtu wa namna hiyo yamejaa mambo ambayo hayakutokea: injini ambayo haikuzimika, gurudumu ambalo halikukwama, familia ambayo haikupokea habari mbaya. Si rahisi kumsifu mtu kwa mambo ambayo hayakutokea, ndiyo maana wengi wetu tunakimbilia sifa za jumla ambazo zingemfaa marehemu yeyote.

Ushauri wangu wa kwanza, ambao nauona mkubwa kuliko yote, ni kutafuta hitilafu moja aliyoitibu na kuieleza kwa ukamilifu. Historia yenyewe inatuonyesha jinsi jambo dogo linavyoweza kubeba jina la mtu. Katika Vita vya Pili vya Dunia, injini za Merlin zilizofungwa katika ndege za kivita za Uingereza, Spitfire na Hurricane, zilikuwa na tabia ya kukata nguvu pale rubani aliposukuma pua ya ndege chini kwa ghafla, kwa sababu kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilivurugika, kwanza ikakosa petroli na kisha ikafurika. Ndege za Wajerumani zilizokuwa zikipuliziwa mafuta moja kwa moja ndani ya injini hazikuwa na udhaifu huo, na marubani wao waliutumia kuwakimbia Waingereza. Mhandisi Beatrice Shilling, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, alibuni kipande kidogo cha chuma chenye tundu lililopimwa, cha kuzuia petroli isipite kupita kiasi, na mwaka 1941 yeye na wenzake walizunguka katika viwanja vya ndege za kivita wakikifunga. Ukimwita mama huyo "mzalendo hodari" umesema kweli, lakini msikilizaji hatamwona. Ukieleza kile kipande cha chuma, atamwona.

Nami nilimpata baba yangu kwa njia hiyo, ingawa nilichelewa. Fundi aliyefanya kazi chini yake alinisimulia siku ambayo kazi ilikwisha, ndege ikawa tayari kutoka, lakini spana moja haikurudi mahali pake. Katika karakana za ndege kila kifaa huhesabiwa, na mara nyingi huchorewa umbo lake ubaoni, ili nafasi iliyo wazi ionekane kwa mtazamo mmoja, kwa kuwa spana iliyosahauliwa karibu na nyaya za usukani au mbele ya injini inaweza kuangusha ndege. Wakubwa walikuwa wakihimiza ndege iondoke. Baba alikataa kutia saini, wakafungua upya vifuniko vyote walivyokuwa wamevifunga, na baada ya saa kadhaa wakaikuta spana imelala ndani ya chumba cha magurudumu. Nilipoisikia habari hiyo nililikumbuka lile ubao la nyumbani, lenye nyundo, koleo na bisibisi zilizochorewa kivuli chake kwa rangi nyeusi, ambalo utotoni nililiona kuwa ukali usio na sababu. Hakuna siku ambayo yeyote kati yetu alilala kabla koleo halijarudi.

Kwa hiyo waulizeni waliofanya naye kazi, tena mapema. Familia humjua baba, lakini mhandisi wanamjua wenzake wa zamu, na nao wanazeeka. Msiulize, "Alikuwa mtu wa namna gani?" kwa sababu mtajibiwa kwamba alikuwa mtu mzuri. Ulizeni alishughulikia aina gani ya ndege, alikuwa upande wa injini, umeme, silaha au mwili wa ndege, ni hitilafu gani iliyomkosesha usingizi, na aliwahi kukataa kutia saini lini. Picha za kikosi ziandikwe majina nyuma mkiwa bado na mtu wa kuwatambua waliosimama humo.

Nyaraka za utumishi nazo zinakiliwe, na nakala zikae zaidi ya mahali pamoja. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza kituo cha kumbukumbu za watumishi wa serikali karibu na St. Louis, Marekani, na majalada kati ya milioni 16 na 18 ya wanajeshi wa zamani yakateketea, yakiwemo ya watu wengi wa jeshi la anga. Familia ambazo zilikuwa na cheti cha kuachishwa jeshi ndani ya sanduku zilikuwa na pa kuanzia.

Semeni ukweli, hata pale unapoonekana mdogo kuliko hadithi. Ukimfanya mhandisi kuwa rubani, umemvua heshima yake na kumvika ya mwenzake. Charles Taylor, fundi aliyetengeneza injini ya ndege iliyoruka mwaka 1903 ya ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waanzilishi wa urukaji wa ndege zenye injini, hakuhitaji kuitwa rubani ili astahili kukumbukwa, ingawa majina ya wale ndugu wawili ndiyo yaliyobaki midomoni mwa watu. Ukweli huo unahusu pia gharama. Baba yangu alipoteza sehemu kubwa ya usikivu wake kwa miaka ya kusimama kando ya injini, na nilipokuwa kijana nilidhani ananipuuza nilipomwita akiwa amenigeuzia sikio la kushoto. Hilo halikuwamo katika wasifu niliousoma kaburini, na lilistahili kuwamo kuliko medali.

Miezi michache baadaye nilikifungua kijitabu chake cha kazi, kidogo cha kutosha mfuko wa shati, chenye alama za vidole vya grisi kwenye pembe za kurasa. Hakukuwa na mahali palipofutwa. Kama ilivyo desturi ya kumbukumbu za matengenezo ya ndege, kila alipokosea alipiga mstari mmoja juu ya kosa ili liendelee kusomeka, akaandika kilicho sahihi, kisha akaweka saini na tarehe. Nilichukua ile karatasi ya wasifu, nikapiga mstari mmoja juu ya maneno "aliruka na ndege za kivita," na juu yake nikaandika: "alizikagua, akazitengeneza, akatia saini, nazo zikarudi." Kando yake niliweka saini yangu na tarehe ya siku hiyo.