Kununua gari kwenye bondi za Kampala: yaliyonipata, mema na mabaya

Dada wa Mbale, swali lako nimelisoma vizuri. Una milioni 28, umeona Toyota Wish kwenye bondi, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa, moja ya Jinja Road, wanataka milioni 42. Muuzaji amekuambia ulete kianzio cha milioni 25 uondoke na gari, kilichobaki umalize kwa miezi sita. Unauliza kama kuna mtu aliyenunua hivyo akasalimika. Waliotangulia kukujibu wamesema wenye bondi wote ni wezi, na hapo mimi sikubaliani nao. Nimenunua kwa mbaya, nimenunua kwa mwema, na tofauti yao haikuwa kwenye bei wala kwenye uzuri wa ofisi. Ilikuwa kwenye karatasi: nani anashika nini, kwa jina la nani, kabla hela haijatoka mkononi mwako.

Kwa hiyo mpigie huyo muuzaji leo, umuulize gari limeshalipiwa ushuru au bado. Kama limelipiwa, logibuku, ile kadi ya umiliki wa gari, ina jina la nani, na sasa hivi iko wapi? Usikubali jibu la "itakuwepo".

Nieleze kwa nini nang'ang'ania hapo. Bondi ni ghala lenye leseni ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ambapo gari hukaa likiwa halijalipiwa kodi. Limeshuka Mombasa, limepita Malaba au Busia, limefika Kampala, lakini kisheria bado liko chini ya forodha. Ndiyo maana kila gari pale lina bei mbili, ya gari lenyewe na ya gari pamoja na ushuru, na tangazo la kuvutia karibu kila mara linataja ile ndogo. Juu yake unaongeza ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, kodi ya zuio, na ushuru wa mazingira ambao hupanda kadiri gari linavyozeeka. URA hawafuati bei mliyopatana. Wana orodha yao ya thamani ya magari yaliyotumika, kwa modeli na mwaka, na kwenye tovuti yao unaweza kukokotoa mwenyewe kabla hujatoka nyumbani. Fanya hivyo. Muuzaji akikutajia ushuru ulio juu sana ya ule wa URA, umeshajua unaongea na nani.

Sasa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalioni. Gari haliruhusiwi kukaa bondi milele, muda ukipita URA hulipiga mnada. Mwenye yadi aliyebanwa na muda, na wateja hawaji, hukopa ili alipe ushuru alitoe gari. Anakopa kwa nani? Mara nyingi kwa wakopeshaji wa mitaani, wenye riba ya kila mwezi, na dhamana anayoweka ni logibuku ya gari lile lile analokuuzia wewe kwa awamu.

Hicho ndicho kilichonipata. Mwaka 2017 nilichukua Premio kwenye yadi moja ya Kampala. Gari lenyewe sina la kulilaumu, limenitumikia Tororo na Soroti kwenye biashara yangu ya madaftari na vitabu vya shule bila kunisumbua. Mkataba uliandikwa na wakili wao, ukasema logibuku itabaki kwao mpaka shilingi ya mwisho, na huo ni utaratibu wa kawaida wa yadi nyingi zinazouza kwa awamu. Kila awamu niliilipa kupitia benki, na kwenye kila karatasi ya benki niliandika namba ya chasisi. Nilipomaliza, nikaenda kuchukua logibuku yangu. Nikakaribishwa soda. Mkurugenzi yuko Dubai. Nikarudi, nikakaribishwa soda tena, mtandao wa URA uko chini. Njoo Jumatatu. Njoo baada ya Idi.

Ofisini kwao nilikutana na mwalimu mmoja aliyekuwa amelipia Spacio kwa mkopo wa SACCO ya walimu. Gari lake hata halikuwepo tena pale, lilikuwa limeuzwa kwa mtu mwingine huku mshahara wake ukikatwa kila mwezi. Alikuwa amekaa kwenye benchi na faili mapajani, hana hata sauti ya kugomba. Nikikumbuka uso wa yule mwalimu hasira hunirudia upya, kwa sababu mtu kama yule hununua gari moja tu katika maisha yake.

Langu lilizuiwa Iganga. Vijana wawili na askari mmoja, mkononi wana nakala ya logibuku, nyuma ya nakala kuna muhuri wa kampuni ya kukopesha hela na tarehe. Tarehe ile ilikuwa ya kipindi ambacho mimi bado nalipa awamu. Yaani nilipokuwa napeleka hela benki, logibuku ilikuwa imeshawekwa rehani. Gari likalala kituoni. Kilichoniokoa ni zile karatasi za benki zenye namba ya chasisi. Wakili aliziambatanisha na barua, polisi wakaona wazi kwamba mnunuzi amelipa na aliyekosa ni yadi. Yule mkopeshaji naye alikuwa amedanganywa, tukaishia kuwa upande mmoja. Mwishowe yadi ikalipa deni na gari likaandikwa jina langu, lakini ulikuwa karibu mwaka mzima wa kwenda Kampala na kurudi. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema kweli tupu.

Siku hizi una silaha ambayo mimi sikuwa nayo. Sheria ya mwaka 2019 kuhusu dhamana za mali zinazohamishika ilileta rejista inayosimamiwa na URSB, ofisi ya serikali ya kusajili biashara, ambapo mkopeshaji husajili dai lake juu ya mali, gari likiwemo. Peleka taarifa za gari na jina la mwenye logibuku, uangalie kama kuna deni limeandikwa. Haimaanishi kwamba wakopeshaji wote wa vichochoroni husajili, lakini ukikuta jina la yadi yako humo, umejiepusha na balaa.

Sasa upande wa mema, maana nao upo na haupewi haki yake.

Mwaka 2022 nilihitaji Noah. Yadi ya kwanza niliyofika walikuwa na moja ya mwaka 2010, inang'aa, dashibodi inasoma kilomita 68,000. Nilikwenda na fundi wangu kutoka Kisekka, soko la vipuri vya magari Kampala, ambaye nilimlipa mimi mwenyewe, kwa sababu fundi anayeletwa na broka ni wa broka. Yeye hakuanza na injini. Alifungua mlango wa dereva, akapiga magoti, akamulika tochi ya simu ukingoni mwa mlango. Pale kulikuwa na stika ndogo ya gereji ya Japan, ya kubadilisha oili. Maandishi hatukuyaelewa lakini namba zilisomeka: R3, na chini yake 131,000. Akanieleza kwamba R ni enzi ya Reiwa, iliyoanza 2019, kwa hiyo R3 ni 2021, na ile 131,000 ni kilomita ambazo oili ingepaswa kubadilishwa tena. Gari linalosubiri oili ya 131,000 mwaka 2021 haliwezi kusoma 68,000 mwaka unaofuata. Kijana wa mauzo akasema hiyo stika ni ya gari lingine. Kisha akainama akaikwangua kwa kucha mbele yetu mpaka ikatoka. Fundi alikuwa ameshaipiga picha. Tukaondoka.

Kwa hiyo usiangalie mita peke yake. Angalia mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani, ukingo wa kiti cha dereva. Kibandiko kilichoshonwa chini ya mkanda wa kiti kina tarehe ya kutengenezwa, na kikipishana sana na mwaka unaoambiwa, uliza. Omba pia cheti cha Japan cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari, huwa kinaonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Mwaka nao uhakikishe kwa namba ya chasisi. Tangu Oktoba 2018 gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingia nchini, na wapo wanaokutajia mwaka liliposajiliwa Japan badala ya mwaka lilipotengenezwa.

Noah niliyoichukua niliipata kwenye bondi ndogo upande wa Nakawa, ya mzee mmoja Mnubi wa Bombo, Hajji, tunaongea Kiswahili kama tumekua pamoja. Nilimkuta anapanga mafaili. Kabla sijauliza lolote alinitolea karatasi ya mnada ya Japan na kuniwekea mezani. Daraja 3.5, ndani B. Akanishika mkono tukaenda kwenye gari, akaweka kidole kwenye mlango wa nyuma wa kushoto: "Hapa wameandika W2. Maana yake palinyooshwa na kupakwa rangi, tena kazi inaonekana. Usije ukaniambia kesho Hajji alinificha." Kwenye karatasi ile A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni palipotengenezwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, na namba ikiwa kubwa kasoro ni kubwa. Daraja likiwa R au RA ujue gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Mzee yule alinifundisha yote hayo amesimama juani, na mimi bado sijatoa hata shilingi.

Fundi alipewa ufunguo, akaliendesha mpaka Bweyogerere na kurudi bila mtu wa yadi ndani. Kisha Hajji akasema neno lililonimaliza: "Hela ya gari utanipa mimi. Ushuru utalipa mwenyewe benki." Wakala wake wa forodha akaingiza TIN yangu, yaani namba yangu ya mlipakodi, URA ikatoa namba ya malipo, ile PRN, nikaenda nayo benki. Usajili ukatoka kwa jina langu moja kwa moja. Hakukuwa na mahali pa mtu kukopea juu ya mgongo wangu. Baada ya wiki chache beringi ya gurudumu la mbele ikaanza kulia. Nikampigia nikiwa sina matumaini makubwa, akanunua beringi yeye, mimi nikalipa ufundi. Hatukuwa tumeandikiana dhamana yoyote.

Kasoro moja hata kwake: tairi ya akiba na jeki havikuwemo. Vitu hivi hupotea sana kati ya Mombasa na Kampala, pamoja na redio na wakati mwingine betri nzuri kubadilishwa na mbovu. Fungua buti uhakikishe kabla ya kupatana bei.

Kuhusu kuagiza mwenyewe kutoka Japan, wengi wanafanya na inawezekana. Hakikisha kampuni ni mwanachama wa JUMVEA, chama cha wauzaji wa Japan wa magari yaliyotumika, hela iende kwenye akaunti yenye jina la kampuni na kamwe isiende kwa mtu binafsi, na bei unayolinganisha iwe ya mpaka Mombasa. Lakini wewe umesema gari unalihitaji kabla shule hazijafunguliwa, hiyo njia si yako kwa sasa. Na gari jipya kabisa kwa wakala rasmi ni habari ya mashirika. Shemeji yangu anaendesha pikapu ya ofisi yao iliyonunuliwa hivyo, ina dhamana ya maandishi na kitabu cha huduma, lakini kwa bei yake sisi tungenunua Wish kadhaa.

Turudi kwenye milioni zako 28. Ningekuwa wewe nisingegusa awamu za yadi. Ningetafuta Passo au Vitz ninayoimaliza yote pamoja na ushuru, nikalipa PRN mwenyewe. Ikibidi iwe Wish, nenda benki au SACCO ukope hiyo milioni 14, logibuku ishikwe na taasisi inayosimamiwa na sheria badala ya kabati la mtu.

Na kama umeshaamua ni hiyo yadi, basi msiandikiane mkataba wao ulivyo. Mpeleke wakili wako, hata wa hapo Mbale, aweke haya: ushuru ulipwe kwa TIN yako na gari lisajiliwe kwa jina lako tangu siku ya kianzio, logibuku ishikwe na wakili anayekubaliwa na pande zote mbili, namba ya chasisi na ya injini ziandikwe kwenye mkataba na kwenye kila risiti, na yadi isiruhusiwe kuiweka logibuku rehani kwa yeyote. Watakuambia hawajawahi kufanya hivyo kwa mteja mwingine. Waulize kipengele kipi kinawaumiza, wasikie wenyewe wanavyojibu. Wakikubali yote manne, lipa kupitia benki. Wakikataa hilo la rehani, hata kama mengine wameyakubali, usiwape ile milioni 25.